Kidaka cha Ngazini

Fundi alizaliwa wapi, mtoto wa nani, wa ukoo gani, hayo siyaelezi. Mwenyewe alikuwa akiyaeleza bila kuulizwa, tangu treni iondoke Quakers Hill mpaka tufike mjini, na tukishuka alikuwa bado hajamaliza upande wa mamake. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka minne niliyofanya naye kazi hapa Sydney. Na kwa kuwa hakuna aliyenituma kumpamba, anayetaka sifa akamuulize yeye mwenyewe.

Alikuwa na dharau, jamani. Naanzia hapo kwa sababu ndipo yeye alipoanzia kila asubuhi. Alidharau simiti, rangi za kopo, mbao za jasi, mafundi wanaovaa glavu, na mtu yeyote anayesema kitu kitakauka kesho. Aliwadharau Waingereza kwa kujenga vibaya, na Waaustralia kwa kukarabati vibaya zaidi. Sisi wa Mombasa alitudharau kwa kuzaliwa upande usiofaa wa pwani. Yeye ni wa Lamu, na ukimsikiliza ungedhani Mungu alipokwisha kuiumba Lamu alipumzika, nchi nyingine akaziacha zijimalizie zenyewe.

Nilimkuta harusini, kwenye ukumbi mmoja wa kukodi kule St Marys. Watu wanakula biriani, yeye amesimama pembeni peke yake anakwangua ukuta kwa ukucha. Kisha akaulamba ukucha. Nikamwamkia, nikamuuliza anatafuta nini. Akasema ukuta huu umepigwa lipu na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda chooni, akarudi kukwangua. Ndivyo tulivyojuana. Baadaye bintiye, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyemleta nchi hii, alinieleza kwamba tangu aje babake anabeba matofali tu kwenye majengo mapya, kwa sababu hana leseni inayosema yeye ni fundi. Miaka arobaini mikono imo kwenye chokaa, na hapa anaitwa kibarua. Kwa watu wazima wa kwetu hilo si jambo dogo. Alikuwa akitoka nyumbani na shati lililopigwa pasi ili majirani wasijue anakwenda kubeba tofali.

Mimi ni karani wa makadirio kwa mkandarasi anayetengeneza nyumba za zamani. Bosi wangu alikuwa amehangaika mwaka mzima kutafuta mtu anayeijua chokaa. Nikampelekea Fundi. Lilikuwa kosa langu la kwanza, na lile la pili nitalifikia.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja katika safu ya nyumba saba zilizoshikana mabega, juu ya mwamba unaotazama bandari. Ni nyumba ya Kijoji. Waingereza waliuita mtindo huo kwa jina la wafalme wao waliofuatana, Joji baada ya Joji, kana kwamba majina yaliwaishia. Imo kwenye orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa. Ukitaka kugonga msumari unaandika barua, ukitaka kuung'oa unaandika mbili. Ni nyembamba, ghorofa tatu na jiko chini ya ardhi, na kila chumba kina meko yake kana kwamba waliojenga walidhani bado wako kwao kwenye theluji. Uso wake ni bapa. Madirisha yamepangwa kwa kipimo, haya juu ya yale, kila moja lina vioo vidogo kumi na viwili na hupandishwa kwa kamba iliyofichwa ndani ya fremu. Juu ya mlango kuna kioo cha nusu duara cha kuingizia mwanga. Paa limejificha nyuma ya ukuta mfupi, halitokezi hata kidogo.

Msanifu wa majengo, kijana mpole mwenye miwani, alitueleza haya yote siku ya kwanza kwa sauti ya chini kama yuko msibani. Alisema uzuri wa nyumba hii uko katika kujizuia kwake. Nikamtafsiria Fundi. Fundi akaitazama nyumba kutoka chini mpaka juu, akasema haina nyusi, mvua itaiingia machoni. Mlango wake, akasema, ni mlango wa kabati. Kile kioo cha juu ni kipande cha chungwa. Ngazi ni ya kupandishia mbuzi. Kisha akagundua kwamba matofali ya mbele yamepakwa lipu, na lipu ikachorwa mistari ili mpita njia adhani ni mawe ya kuchonga. Hilo lilimburudisha wiki nzima. Kila akipita alikuwa akiigonga ile mistari kwa kidole na kuniambia, waone waongo hawa, hata nyumba wameivalisha barakoa. Msanifu aliniuliza mzee anasema nini. Nikamwambia anasifu.

Historia ya nyumba aliijua kwa namna yake. Msanifu alimweleza kwamba matofali yalifinyangwa kwa mkono na wafungwa walioletwa kwa meli, na katika tofali moja la jikoni akamwonyesha alama ya kidole gumba cha mfungwa. Akamweleza kwamba mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mfanyabiashara, baadaye ikawa nyumba ya kulala mabaharia, ikakatwakatwa vyumba kwa mbao, kisha serikali ikaichukua ikawapangisha watu wa bandarini, na mwisho watu wa bandarini wakahamishwa nyumba ikauzwa kwa wenye nafasi. Fundi alisikiliza yote. Kisha akafupisha. Wafungwa wameijenga, akasema, mabaharia wameichafua, maskini wameitunza, na sasa tajiri ameinunua, anauomba ruhusa ukuta wake mwenyewe. Na hapo ndipo aliponiudhi, maana sikuweza kupata kosa.

Mara moja tu nilimwona ameishiwa maneno. Alikuwa anachokonoa udongo wa katikati ya matofali, chumba cha nyuma, akatoa kipande cheupe cha ukubwa wa kucha. Kilikuwa kipande cha kombe la chaza. Akakilamba. Akachokonoa tena, akapata kingine. Msanifu akaeleza kwamba nchi hii haikuwa na mawe ya chokaa karibu, kwa hiyo Waingereza walichoma makombe, na makombe waliyakuta pwani yamerundikana, mabaki ya chakula cha wenyeji wa nchi kwa vizazi na vizazi. Wakayachota, wakayatia tanurini, wakajengea. Fundi alikaa chini sakafuni. Kwao chokaa ilichomwa kwa matumbawe ya baharini, na hakuwahi kufikiri kwamba huku mwisho wa dunia kuna ukuta ulionyonya bahari vilevile. Akauliza wenyeji waliombwa? Msanifu akasema hapana. Siku ile yote Fundi hakumtukana mtu, mpaka bosi akaniuliza kama mzee anaumwa.

Tangu hapo aliacha kuidharau nyumba, akawa anawadharau wote walioigusa tangu makombe yale yalipochomwa. Ilikuwa nafuu kidogo.

Namna yake ya kufanya kazi ilitutia wazimu. Chokaa aliilaza majini ndani ya mapipa miezi mitatu, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua kifuniko. Lipu aliipiga tabaka nyembamba, akaifunika magunia mabichi, akakaa kando kuitazama. Bosi akiuliza tutamaliza lini, Fundi alijibu kwa neno lake lile la siku zote, haraka ya nani? Alikuwa na imani kwamba ukuta wa chokaa unapumua, unanywa maji ya mvua na kuyatoa tena, na kwamba ukiuwekea simiti umeuziba pua. Maji yakikosa njia hutafuta pembeni, na pembeni ndiko uharibifu unakoanzia. Alilihubiri hilo harusini, matangani, na kwenye kila karamu ya Waswahili kuanzia St Marys hadi Blacktown. Watu walimkimbia wakiwa na sahani mkononi.

Na huyuhuyu, nenda kwake Quakers Hill. Nyumba ya mbao za jasi, nyepesi, ukiegemea ukuta unasikia jirani amepiga chafya. Sebuleni maua ya plastiki. Bafuni ameziba ufa kwa gundi ya bomba, nyeupe, imejaa alama za vidole vyake. Aliipenda nyumba ile! Alinizungusha chumba kwa chumba akiigonga kwa vifundo vya vidole. Nilipomchokoza kuhusu gundi, akasema boksi halihitaji fundi, na tuendelee kunywa chai.

Kukubali kosa hakujui. Kuna dirisha moja alilikosea kipimo, upande mmoja wa lipu ukawa mnene kuliko mwingine, hata kipofu angeuona. Akasema upande huu wa dunia timazi inaning'inia vibaya. Aliusema uwongo huo bila kupepesa macho, mbele ya watu wanne, na akatutaka tushukuru kwamba amegundua.

Sasa leseni. Mimi ndiye niliyemwambia ataipata, na mimi ndiye niliyejaza zile fomu, miaka miwili, jioni baada ya kazi, nikitafsiri maisha ya mtu aliyejenga nusu ya mji bila kuandikiana na yeyote. Barua za ushahidi kutoka Lamu. Picha. Kiapo. Mwishowe watu wa leseni wakakubali kwamba kama hana cheti, aonyeshe kazi moja iliyokamilika, mkaguzi aje aione. Tukachagua ukuta wa nyuma wa ile nyumba, ule unaopanda na ngazi kutoka chini mpaka ghorofa ya pili. Ukuta ule ukikubaliwa, Fundi ni fundi kwa sheria. Ukikataliwa, anarudi kubeba tofali na shati lake la pasi. Alijua. Nilimwambia mara ishirini.

Katikati ya ukuta ule, kwenye kituo cha ngazi, kulikuwa na tundu. Wapangaji wa zamani walikuwa na kisanduku cha umeme pale, kikaondolewa, likabaki shimo la mraba usawa wa kifua. Mchoro wa msanifu ulisema lizibwe kwa matofali ya zamani, lipu ipite juu, pasionekane kitu. Nilimsomea Fundi mchoro huo. Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya ukaguzi ndipo magunia yalipoondolewa, na mimi nikaona pamoja na mkaguzi. Ukuta ulikuwa mzuri sana, nasema hivyo nikiwa na hasira naye mpaka leo. Mweupe wa maziwa, umenyooka, umetulia. Na katikati yake, pale penye tundu, kidaka. Kidaka kamili cha Lamu, kimepinda juu kama upinde, kingo zake zimechorwa kishada kidogo kinachozunguka, ndani laini kama bakuli. Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye buti za matope, alikitazama muda mrefu. Akaniuliza hiki kimo kwenye mchoro? Nikasema la.

Fundi hakuwa amefanya mzaha. Kwake, tundu usawa wa kifua kwenye ukuta mnene wa chokaa ya bahari haliwezi kuwa kitu kingine. Kila nyumba aliyowahi kuigusa ilikuwa na vidaka vya kuwekea taa, kitabu, bakuli la thamani. Alikuwa na hakika kwamba wajinga fulani walikiharibu kidaka cha asili wakatia umeme. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba hakuongeza kitu, amerudisha tu.

Mkaguzi alikuwa mtu mwema. Alisema kazi ya mkono huu hajaiona miaka mingi, lakini kwenye nyumba inayolindwa hawezi kutia sahihi juu ya kitu ambacho hakikuwapo. Zibeni, akasema, narudi baada ya siku tano, sahihi iko tayari. Siku tano tu. Nikamtafsiria Fundi. Akasema hazibi.

Tulibishana palepale ngazini baada ya mkaguzi kuondoka. Nikamwambia nimempa jioni zangu za miaka miwili. Nikamwambia bintiye amekwisha kununua fremu ya kuitundikia hiyo leseni. Nikamwambia yeye ni mzee mwenye kiburi asiye na shukrani, na nikamtukana hivyo mbele ya vibarua, jambo ambalo mamangu angelisikia angenikana. Akanijibu kwa utulivu kwamba yeye hawezi kuziba kitu alichokirudisha, na kama mimi naona ni shimo, basi nina macho ya ofisini. Akachukua begi lake akaenda stesheni.

Jumamosi nyumba ikiwa tupu, nikaja na ufunguo wa ofisi. Nilikuwa nimemtazama miaka minne, najua tofali linavyokaa. Nikaziba kidaka. Lakini lipu ya chokaa haikauki kwa siku tatu, na mkaguzi anarudi Jumatano. Ndani ya gari la kazi kulikuwa na mfuko wa simiti. Nilijua ninachofanya, tusidanganyane. Nilikuwa nimesikia mahubiri yake mara mia. Nikatia simiti kwenye matofali, nikatia simiti kwenye lipu, juu nikapaka chokaa yake nyembamba ili rangi ilingane. Nikasema moyoni, namwokoa na ujinga wake.

Jumatano mkaguzi akapitisha mkono, akatabasamu, akatia sahihi. Fundi alikuja Alhamisi. Nilimwona kutoka chini. Alisimama kwenye kituo cha ngazi, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Akakwangua kwa ukucha, akalamba. Kisha akashuka, akanipita, akaomba chai. Ukuta ule hakuutaja tena kwangu. Leseni ilipofika aliipokea kwa mikono miwili. Bintiye alilia. Nami, Mungu anisamehe, nilimdharau zaidi kwa kuipokea. Nikasema kumbe kiburi chake nacho kina bei.

Baada ya hapo alifanya kazi kwa jina lake mwenyewe, na tukapotezana. Nilisikia amefungua kazi, anatafutwa na wenye nyumba za kale, anawatukana, wanamlipa.

Baridi iliyopita nilikuwa kwenye karamu ya kumtoa mtoto nje, Blacktown. Bwana mmoja akaleta habari mezani akicheka hata chai ikammwagikia. Yule mzee wa chokaa, akasema, aliyetusumbua miaka yote na simiti, amepokonywa leseni. Kwa nini? Amekutwa ametia simiti! Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Nilicheka nao. Nilicheka kwanza, kisha nikaelewa.

Kesho yake nilipanda treni kwenda Quakers Hill. Bintiye ndiye aliyefungua mlango, bado yuko na sare ya hospitali, na ndiye aliyenieleza yote jikoni kwa sauti ya chini. Mwenye ile nyumba aliona unyevu ngazini, lipu ikafura kuzunguka sehemu moja, chumvi ikatoka. Wataalamu wakatoboa, wakakuta simiti ndani ya jengo linalolindwa. Ukuta ule ndio uliokuwa kwenye faili la Fundi. Ofisi ya leseni ikamwandikia ajieleze. Binti akamsomea barua, akampa kalamu, akamwambia Baba, wewe hukutia simiti, nakujua. Babake akamwambia aandike hivi: ni mimi, nilikosea. Binti alikataa siku mbili. Mzee akamlazimisha akaandika, kisha yeye mwenyewe akatia sahihi kwa mkono wake, hati nzuri ya madrasa.

"Hajawahi kusema neno hilo nyumbani," binti akaniambia. "Hata kwa mamangu."

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, amezeeka kwa haraka, koti zito mabegani. Hakuniuliza nimefuata nini. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia viatu vyangu ni vya kishamba. Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Ukweli gani?"

"Simiti ile si yako, Fundi."

"Jina lililoandikwa pale ni langu. Hawakuandika kwamba robo ni ya fulani."

Nikamwambia Jumatatu nakwenda ofisi ya leseni, nitasema kila kitu, tundu, ufunguo, mfuko wa simiti. Akanitazama kwa dharau ileile ya zamani, na wallahi nilifurahi kuiona.

"Na kazi yako?"

"Itakwenda. Basi."

"Yangu imekwisha kwenda," akasema. "Unataka iwe imekwenda bure?"

 Bintiye alileta chai, tukanywa, Fundi akamlaumu kwa kutia sukari kidogo. Hakulizungumza tena jambo lile, nami sikuwa na uso wa kulirudia.

Jumatatu sikwenda. Wala Jumatatu iliyofuata. Nina kazi yangu mpaka leo, na bosi amenipandisha cheo. Fundi hatoki tena nyumbani, hata harusini haji, kwa sababu akiingia ukumbini watu huulizana kwa sauti kama simiti imepanda bei. Nami huwa nimekaa meza hizohizo, nakula biriani, sisemi kitu. Nimemdharau mtu huyu kurasa zote hizi na kila nililosema ni kweli. Lakini hakutia simiti. Simiti ile niliitia mimi.